Shilingi kwa Dakika

Saiba tuliyokuwa tukienda ilikuwa Kibokoni, Mombasa, kwenye chumba kilichowahi kuwa duka la kofia. Misumari ya kutundikia kofia ilikuwa bado ukutani, na vijana waliitundikia mifuko yao wakiingia. Mlango ulikuwa wa kale, wa nakshi, mzito, na mchana haukufungwa ila wakati wa swala. Kompyuta hazikutimu kumi, zile za skrini nene zenye mgongo, na juu yake feni moja ya dari iliyokuwa ikilizungusha joto bila kulipunguza. Kompyuta ya dirishani herufi yake ya "a" ilikuwa haiandiki mpaka uigonge mara mbili tatu. Haikuwa na wateja. Hebu jaribu kuandika ubeti mmoja wa Kiswahili bila "a" uone.

Bei ilikuwa shilingi moja kwa dakika. Katika yote ninayoyakumbuka ya miaka ile, kuanzia 2006 hadi 2012 hivi, bei hiyo naiona ndiyo habari kubwa, kwa sababu ndiyo iliyotufundisha namna ya kutunga. Hakuna aliyekaa mbele ya skrini akawaza. Kuwaza kulikuwa bure barazani, na kwa pesa saiba. Mtu alitunga shairi lake usiku, au kazini, au ndani ya feri ya Likoni akihesabu mizani kwa vidole huku amebanwa na mikokoteni ya nazi, akaliandika kwenye karatasi yoyote aliyoipata, kisha akaja kulichapa tu. Msimamizi, kijana wa Majengo ambaye hajapata kutunga mshororo maishani mwake lakini aliyajua mashairi yetu yote, alikuwa na programu ya kuhesabu dakika; zikikwisha, skrini yajifunga hata kama uko katikati ya ukwapi. Shairi la beti tano lilimgharimu shilingi kumi na tano anayejua kuchapa. Mwenye kudonoa herufi kwa kidole kimoja alilipa arubaini au zaidi. Kwa hivyo mashairi ya watu wazima yakawa mafupi kuliko ya vijana, na wahakiki wa barazani wakadhani ule ni ukomavu.

Hatukujiita waandishi. Mmoja wetu alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, akiandika mashairi nyuma ya fomu zilizoharibika, na mwenye fikira za juu sana kuhusu kipaji chake. Mmoja alisomesha madrasa Mkanyageni. Mmoja aliuza leso Biashara Street, na kwa vile siku nzima alikuwa akiwasomea wanawake majina ya leso, alijua kulifupisha neno kuliko sote. Mshororo wake mmoja ulikuwa na sumu ya ubeti mzima wa mwengine. Walikuwapo pia wanafunzi wa sekondari waliotumwa na walimu wao kutafuta maana ya "tarbia" wakaishia kubaki. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi, nikimshikia msimamizi zamu ya asubuhi ili nipate dakika za bure.

Mashairi tuliyatuma kwanza kwa barua pepe, tukiwatumia kwa pamoja jamaa walioko Muscat, Jeddah, London na Toronto, kisha tukahamia kwenye kundi moja la Facebook lililoanzishwa na kijana wa Kuze. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo zake. Shairi likiwekwa jioni, likikuta watu wameamka Toronto, asubuhi utalikuta limejibiwa kwa mizani ileile na vina vilevile, na mwenye saiba atauza dakika.

Alikuwapo mzee mmoja, sisi tukimwita Ami ingawa hakuwa ami wa yeyote kati yetu. Katika ujana wake alikuwa akipeleka mashairi yake gazetini, na alikuwa bado ameyahifadhi makato ya ukurasa wa ushairi wa Taifa Leo, jina lake chini pamoja na lakabu na sanduku la posta. Hakujua kuchapa wala hakutaka kujua. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu, mkongojo baina ya magoti, akanisomea mshororo mmoja mmoja, nami nikachapa. Akisikia mizani imepungua alinikemea mimi, kana kwamba kibodi ndiyo iliyomlia silabi. Siku moja aliniuliza shairi lake limepokewaje.

"Limependwa na watu thalathini na wanne, Ami."

"Wamesema nini?"

"Hawakusema. Wamebonyeza tu kwamba wamelipenda."

Alifikiri kidogo. "Mimi sikumtungia mtu apende, mwanangu. Nimemtungia ajibu."

Kila nikisikia mtu akihesabu wasomaji wake hulikumbuka neno lile la Ami. Alikuwa ametoka katika mji ambao shairi lisilojibiwa lilihesabiwa kuwa limekosa shabaha, hata kama limesifiwa. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa kuliko wote waliotoka Mvita, aliyekufa 1840, hakuchapisha kitu. Alitunga kwa ajili ya watu aliowajua: Mazrui waliotawala Mombasa, maadui zao wa Lamu na Unguja, marafiki waliomkopa wasimlipe, wanawake waliomkata maini. Alirusha akarushiwa. Wataalamu wamesema yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, na mimi ningeongeza kwamba sokoni ndipo mtu anapoweza kukujibu. Mashairi yake yaliishi vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah akayakusanya mwishoni mwa karne ile, akishirikiana na mmisionari Mwingereza, W. E. Taylor. Diwani ya Muyaka ikatoka kuwa kitabu 1940, miaka mia baada ya mwenyewe kuzikwa.

Kwa hivyo tuliposikia watu wa semina wakisema kwamba intaneti imewapa watunzi uhuru wa kusambaza kazi zao bila mchapishaji, tulitazamana. Mchapishaji alikuwa lini njia kuu huku kwetu? Abdilatif Abdalla, mtoto wa Kuze, alifungwa miaka mitatu kwa karatasi iliyopita mikononi kwa siri mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyoyaandika gerezani juu ya karatasi za chooni yalitolewa nje kimagendo kabla ya kuwa Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Kaka yake, Ahmad Nassir, alikuwa na vitabu, lakini wengi waliyajua maneno yake kwa sauti ya binamu yake, Juma Bhalo, kwenye kaseti za taarab zilizonakiliwa dukani, zikanakiliwa tena nyumbani, mpaka sauti ya udi ikawa kama ya bati. Lamu, katikati ya miaka ya 1970, wagombea wa ubunge na wafuasi wao walipigana kwa mashairi ya kaseti, yale ya Kimondo, na kaseti ya upande huu haikumaliza siku chache kabla ya ya upande wa pili kushuka gatini. Baraza, karatasi, kaseti, saiba. Tulichokipata sisi kilikuwa kasi, na bei.

Kasi yenyewe ilikuja baadaye. Mwanzoni intaneti ya Kenya yote ilipitia setilaiti, na ukurasa mmoja wenye picha uliweza kukulia shilingi tano nzima kabla hujauona. Juni 2009 waya wa TEAMS ukafika Mombasa kutoka Fujairah, Rais Mwai Kibaki akaja kuuzindua, na mwezi wa pili yake ukafuata SEACOM. Mzee mmoja pale kwa muuza kahawa alipoambiwa kwamba waya umelazwa chini ya bahari kutoka Ghuba hadi hapa, hakushangaa hata kidogo. Alisema babu yake alikuwa akija na kurudi njia hiyohiyo kwa jahazi, na alikuwa akichukua muda mrefu zaidi kwa sababu alikuwa na tende. Mwezi huohuo wa Juni Facebook ikaanza kutumika kwa Kiswahili. Ami alinitaka nimsomee maneno yake yote, kuanzia juu mpaka chini ya skrini, akayasahihisha mawili matatu, na akataka wapelekewe barua.

Tofauti ya kweli haikuwa kwenye kasi wala kwenye bei. Nilichelewa kuiona, kwa sababu ilikuwa ikija asubuhi, wakati wanaume wako makazini.

Baraza ni la wanaume. Mwanamke wa Mji wa Kale hupita mbele yake haraka, na watu huteremsha sauti mpaka apite. Si kwamba wanawake hawakuwa watunzi. Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, wanawake wa pwani wameusoma na kuukariri mpaka leo; nyimbo za lelemama na za vugo zilikuwa na matusi ya ustadi ambayo mwanamume angeyasikia kupitia dirishani tu. Lakini kumjibu mwanamume asiye nduguyo, mbele ya watu, kwa jina lako, ubeti kwa ubeti, ilikuwa kazi nyengine. Gazetini ungeandika jina na anwani. Kwenye redio sauti yako ingejulikana kabla ya kituo cha kwanza.

Mwanamke mmoja alikuwa akija saa tatu, buibui na mtandio wa uso, pamoja na mdogo wake wa kiume aliyempa mchezo wa gari kwenye kompyuta ya jirani ili anyamaze. Alichapa haraka kuliko yeyote niliyepata kumwona. Akimaliza aliomba achapishiwe karatasi, kila mara, ingawa ukurasa mmoja ulikuwa shilingi kumi na mashine ililia kama inachinjwa. Asubuhi moja wino ulikwama, nikalazimika kuitoa karatasi kwa mkono, na macho yakaangukia juu yake. Nililijua shairi lile. Lilikuwa limewekwa usiku kwenye kundi na mtu mwenye lakabu ya kiume, lakabu nzito ya kimalenga, aliyekuwa akimpiga karani wa Kilindini kwa muda wa miezi na baraza zima likijaribu kumkisia. Wengine walisema ni mwalimu wa Tudor. Wengine walisema ni mzee wa Faza anayeishi Dubai.

"Kaka, umeona nini?"

"Sikuona kitu, dada."

"Basi endelea kutoona."

Nikaendelea. Jioni nilikaa barazani nikawasikiliza watu wazima wakieleza kwa ushahidi kwamba lugha ile haiwezi kuwa ya mtu aliye chini ya miaka hamsini, na kwamba kwa namna anavyouchukia udhalimu wa matajiri lazima awe amewahi kufanya kazi melini.

Ugomvi wao yeye na karani ulihusu mashairi yasiyo na vina. Huku pwani hilo ni suala la heshima. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake, Kichomi, mwaka 1974, watunzi wa Mombasa wamekuwa wakisema kwamba kile kinaweza kuwa kitu kizuri lakini kisipewe jina la shairi, na baadhi yao hawasemi hata kwamba ni kizuri. Karani alishika bendera hiyo. Kila wiki aliweka beti za kuwacheka watu wa bara na guni zao, vina vikigonga, mizani kumi na sita haipungui. Malenga yule asiyejulikana akamjibu kwa kuyatetea mashairi huru, na kilichomuudhi karani kuliko hoja ni kwamba alikuwa akiyatetea kwa vina vikali kuliko vyake. Alitunga kwa vina vya kati na vya mwisho ambavyo watu wazima waliviogopa kwa uchache wa maneno yake, akavitimiza mpaka ubeti wa mwisho, na ndani yake akisema kwamba mfungwa ndiye ajuaye urefu wa mnyororo.

Karani alikaa kimya kwa siku kadhaa. Nilimwona saiba jioni akiiangalia skrini dakika zinaenda, jambo ambalo hakuna aliyepata kulifanya.

Mwaka 2011, baada ya Ramadhani, yakaja mashairi ya mwisho ya malenga yule katika ugomvi ule, beti kumi. Alimkubalia karani kila kitu: kwamba yeye ni bingwa, kwamba vina vyake ni vya dhahabu, kwamba Mombasa yote yamsikiliza. Kisha katika ubeti wa kumi akamtaka jambo moja. Kwa vile mashairi huru ni kazi ya kitoto, isiyo na taabu, na amjibu mara hii bila kina hata kimoja, ili watu waone ilivyo rahisi. Kundi lilichekelea wiki nzima. Watu wa Toronto waliandika hawalali. Karani alisema ana kazi nyingi bandarini, meli zimerundikana.

Kisha Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo akapigwa risasi, na mji ukawaka kwa siku kadhaa. Sitaki kuyaeleza yale; waliokuwapo wanayajua. Nitasema tu yaliyotupata sisi watunzi, ambayo yalikuwa madogo mbele ya vifo. Mashairi yalimiminika: ya kilio, ya hasira, ya kuomba utulivu, mengine ya kutisha. Kijana wa Kuze aliyeshika funguo za kundi alikuwa na mama mgonjwa na ndugu wanaotafutwa na kila askari apitaye mtaani. Usiku mmoja alilifuta kundi lote. Hakumuuliza mtu, na mimi simlaumu hata leo, ingawa wapo wasiompa salamu. Yalikwenda mashairi ya uchumba, ya mafumbo, ya kumsifu Mtume, ya kumkejeli diwani aliyeahidi taa za barabarani, na ugomvi wa karani na mpinzani wake tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Saiba nayo haikudumu. Simu za bei nafuu zilikuja, bando zikaja, na kufikia 2014 chumba kilikuwa kinauza vifuniko vya simu, vikatundikwa kwenye misumari ileile ya kofia. Ushairi ukahamia WhatsApp, na huko ukakutana na wezi.

Wizi wa shairi si jambo la jana. Ndiyo maana watunzi wa tenzi walikuwa wakifunga kwa kulitaja jina lao na mji wao katika beti za mwisho. Lakini kwenye simu kukata beti mbili za mwisho kwataka kidole kimoja. Mwenzetu wa leso alitunga shairi la harusi ya mpwa wake, na kabla ya mwaka kwisha akaletewa video ya harusi ya Muscat linasomwa kwa jina la mtu mwengine. Akabuni dawa: akalichomeka jina lake katikati ya kila shairi, kama kina, hivi kwamba ukilitoa ubeti wavunjika. Dawa ilifanya kazi mpaka alipopata mwizi ambaye jina lake lilikuwa na silabi sawasawa na la kwake na mwisho uleule. Alilibadilisha jina, mizani ikabaki salama. Mwenzetu alikasirika, kisha akakiri kwamba mwizi ana sikio zuri, na sasa ni marafiki. Mwaka 2018 WhatsApp walipoanza kuweka alama ya kwamba ujumbe umesambazwa, yeye alifurahi kuliko shirika lolote la haki za watunzi: angalau, alisema, mtu atajua si mwenyewe.

Pesa hazikuwapo, na sikumbuki mtu aliyezitarajia. Aliyelipwa alilipwa kwa kazi ya kuagizwa: harusi, arubaini, kampeni. Uchaguzi wa 2013, wa kwanza wa magavana, ulikuwa msimu mzuri, na namjua mtunzi aliyewatungia wapinzani wawili wa kiti kimoja, akawafanya wajibizane, akala kote kuwili. Tulimlaumu, lakini mashairi yalikuwa mazuri pande zote mbili.

Ninalolilalamikia mimi ni jengine. Intaneti iliupenda ushairi wetu kwa sababu ubeti waenea kwenye skrini na jibu laja papo hapo. Hadithi haikupata bahati hiyo. Katika miaka yote ile, sikuona hadithi ya Kiswahili ya kurasa ishirini ikisomwa kwenye kundi lolote. Ilisifiwa "maashallah" na watu ambao dhahiri hawakufika aya ya tatu. Waliotaka kuandika nathari walihamia Kiingereza, kwa vile huko yalikuwapo majarida ya mtandaoni yenye wahariri. Nairobi walishaonyeshwa njia mapema: Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa kazi iliyotoka kwenye jarida la intaneti, na mwaka uliofuata jarida la Kwani? likaanza. Baadaye zikaja Jalada, Enkare Review, Lolwe. Khadija Abdalla Bajaber, mtoto wa Mombasa, kazi zake zilipitia kurasa za namna hiyo kabla ya riwaya yake, The House of Rust, kushinda tuzo ya Afrika ya Graywolf Press mwaka 2018. Kitabu kilitoka 2021, na mwaka uliofuata kikawa cha kwanza kupata Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Msichana wa Mombasa anayeingia baharini kumtafuta babake mvuvi, juu ya chombo cha mifupa, pamoja na paka mwanachuoni: nilipokisoma nilizisikia sauti za bibi zetu ndani ya Kiingereza chake, nikafurahi, na nikaona wivu kwa ajili ya Kiswahili. Sisi tulikuwa na wasomaji wa beti kumi. Hatukuwa na mhariri hata mmoja wa kumwambia mtu hadithi yake ianzie ukurasa wa nne.

Washairi, wao, walipata neema yao. Mohammed Khelef Ghassani, Mpemba anayeishi Ujerumani, alikuwa miongoni mwa washindi wa kwanza wa Tuzo ya Mabati-Cornell, 2015, kwa diwani ya N'na Kwetu, na Kibokoni watu walishangilia kana kwamba kashinda jamaa yao. Karani wetu alikuwa wa kwanza kutuma pongezi, kwa vina.

Karani sasa ni mstaafu. Kazi ya kutoa mizigo ilimwishia mara mbili: kwanza reli mpya ilipoanza 2017 na makontena kupelekwa bara yakafunguliwe huko, kisha miguu. Hukaa barazani Mbarak Ali Hinawy Road tangu alasiri, na mwaka jana aliingiwa na hamu ya kutoa diwani. Mwanawe atalipia uchapishaji. Alipoanza kukusanya alikuta hana kitu. Fomu za bandarini zimetupwa, neno la siri la barua pepe lilikuwa likitumwa kwenye laini ya simu iliyokufa, na kundi ndilo hilo lililofutwa. Alikuwa akikumbuka beti, ubeti huku na ubeti kule, lakini si shairi zima. Alituuliza sote. Nilimwambia kwamba huenda namjua mtu.

Mtu huyo ana faili tatu, zile za kamba za shule. Kila alichokiandika na kila alichojibiwa, kwa tarehe, wino umefifia lakini wasomeka. Amekwisha kuolewa, ana watoto, asomesha Kiswahili katika shule ya upili ng'ambo ya daraja la Nyali, na lakabu yake ya kiume ameiacha zamani. Siku hizi huandika kwa jina lake, na hakuna mbingu iliyoanguka. Nilimpigia simu nikamweleza. Alicheka sana.

Kumwambia karani ilikuwa kazi ngumu zaidi. Nilimwambia pole pole, nikianza na habari njema, kwamba mashairi yake yapo salama yote. Akauliza kwa nani. Nikamtajia ukoo wa mumewe kwanza, kisha wa babake, kisha nikamwambia kwa nini anayo. Alinyamaza muda, akaniuliza kama mzee wa Faza alikuwa hayupo kabisa. Nikamwambia hayupo. Akaniuliza kama niliyajua haya wakati ule. Nikamwambia kwamba niliombwa nisione.

Akamtuma binti yake na barua ya heshima, yenye salamu ndefu, kumwomba mama huyo nakala. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, kwa maandishi, nami nimelisoma kwa sababu karani alinionyesha akiwa amekasirika nusu na nusu anatabasamu. Nakala ziko tayari, amesema, na hataki malipo. Ila kwenye faili ya tatu, baada ya beti kumi za mwaka 2011, pana karatasi tupu iliyokuwa ikingoja jibu, na yeye hapendi kutoa kazi isiyokamilika. Shekhe ajibu kwanza, bila vina, kama alivyoombwa.

Tangu hapo ukipita barazani jioni utamkuta na daftari. Hataki msaada wa Ami, ambaye macho hayaoni tena lakini sikio halijambo, na ambaye amesema wazi kwamba akisikia guni ikitoka katika baraza lile atahama. Juzi karani alinishika mkono nilipokuwa nikipita, akanikalisha, akatazama huku na huku.

"Yakhe," akasema, "hebu niambie wewe uliyesoma. Ukishaviondoa vina, ubeti wajuaje kuwa umekwisha?"